Jicho la Kushoto

Kabambare, 9 Machi 1952

Kwa mwanangu Zéphirin, mtoto wa kaka yangu,

Nakusalimu wewe, Sidonie mkeo na watoto, pamoja na yule wa nne aliyejificha nyuma ya mlango nilipokuja Kasongo. Mwambie shangazi bado anasubiri salamu yake. Sisi huku tungali wazima. Mvua imeangusha ukuta wa jiko, mihogo ya bondeni imeoza, lakini karanga zimekubali vizuri sana. Mbuzi uliyeniachia amezaa mapacha. Darasani kwangu wasichana wameanza kushona mashati ya watoto. Shati la kwanza lilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, nikawaambia wakatafute mtoto wa kulivaa.

Sasa sikiliza. Mwaka wa pili unakwisha tangu tumzike baba yako Jean-Baptiste, na juu ya kaburi lake mpaka leo kuna vijiti viwili vilivyofungwa kwa kamba. Msalaba wa saruji uko tayari tangu Krismasi. Nimeulaza chini ya kitanda cha wageni, na wageni wananung'unika. Unajua kwamba kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayeushika kabla ya mtu mwingine yeyote, na mtoto wa kwanza ni wewe. Omba likizo, uje kiangazi hiki. Siku tano zinatosha.

Watu wanakuulizia. Tangu mlipopita Novemba ile na kikosi cha malale, mkatupanga mstari na kututoboa vidole, jina lako limekuwa kubwa. Hata kule Wamaza wanakuita Jicho. Wanasema, "Kama Jicho aliangalia damu yako, akasema iko safi, wewe lala na amani." Mimi ndiye niliyekuogesha ukiwa mdogo, basi sokoni natembea nimenyoosha shingo, na wauza samaki wananipunguzia bei.

Nina homa kidogo saa za jioni. Si ya kuandikia barua.

Ni mimi shangazi yako,
Anastasie


Kasongo, 4 Aprili 1952

Mama Shangazi,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya samaki wa dereva aliyeileta, lakini maneno yote yalisomeka. Pokea heshima zetu. Sidonie ni mzima, ila amegombana na jirani kwa sababu ya bata. Mkubwa wetu amepokea Komunyo ya kwanza kwa viatu vya kuazima. Yule wa nne nimempa ujumbe wako, akajificha tena.

Kuhusu msalaba wa Baba, moyo wangu uko huko. Lakini Daktari amekataa. Nilimwomba, akatikisa kichwa. Wagonjwa ni wengi, na kwenye mikroskopi tuko wawili tu, mimi na Gaston, naye Gaston bado kijana. Labda mwakani. Usiutoe msalaba chini ya kitanda, wageni watazoea.

Homa ya jioni isikutishe. Damu yako niliiangalia mwenyewe kwenye kipande cha kioo namba 214, na kwa mkono wangu nikaandika "safi" kwenye kitabu chako cha dawa. Meza kinini ya malaria, ulale mapema.

Mtoto wako mtiifu,
Zéphirin


Kabambare, 25 Mei 1952

Zéphirin,

Nakusalimu kwa sababu nililelewa vizuri. Msalimu Sidonie, yeye hana kosa.

Gaston wako alikuja kwao likizo, akapita kwangu kunisalimu. Nikampikia kuku. Alipofika kwenye paja nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, huyo daktari wenu ana roho gani hata anamnyima mtu siku tano za kumsimamishia baba yake msalaba. Kijana akaacha kutafuna. Akasema, "Mama, munganga mukubwa hakukatala. Alimuambia mara tatu aende kongé. Ye mwenyewe njo anakatala." Kisha akaona uso wangu, akaomba ruhusa ya kwenda.

Mara tatu! Na mimi nilikuwa nimekwisha kumchukia yule Mzungu wa watu. Nimemsema vibaya kwa majirani wanne. Sasa nipite nyumba kwa nyumba kumsafisha?

Uongo wako una miguu miwili, mwanangu. Kwangu umesema daktari amekataa. Kwa daktari umesema nini? Gaston anasema ulimwambia kwamba nyumbani hakuna anayekuhitaji. Hapo nililia, sikufichi. Baba yako yumo chini ya vijiti viwili, na wewe unasema hakuna anayekuhitaji.

Nimekaa nikawaza. Tangu mazishi ya baba yako hujatoka kazini hata siku moja. Watu wanakusifu, wanasema huyo anapenda kazi. Mimi nimefuga kuku maisha yangu yote. Kuku akikataa kutoka kiotani hata umwagapo mtama, usimsifu kwa kupenda kiota. Ana kitu chini yake.

Una nini chini yako, Zéphirin?

Anastasie


Kasongo, 12 Juni 1952

Mama Shangazi,

Naomba radhi. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na Sidonie ameisoma pia, naye sasa haniongeleshi. Tuko wazima wa mwili. Kiangazi kimeanza, vumbi limeingia mpaka ndani ya sukari.

Ni kweli nilisema uongo. Daktari hakunikatalia. Ni mimi.

Nikiondoka, Gaston atakaa kwenye kiti changu na atafungua sanduku langu la vioo. Utaratibu wetu ni kwamba anayeshika nafasi ya mwenzake lazima arudie vioo vyake vya miezi ya nyuma, kuhakiki. Sitaki Gaston afungue sanduku langu. Ni hilo tu, na nakuomba usiniulize zaidi, kwa sababu wewe ukiniuliza mara ya pili nitajibu.

Kuna jambo jingine dogo la kukumbushana tu. Babu Lukumani alianza kutoona akiwa na umri gani? Na lilianza jicho gani?

Homa yako imekwisha? Hukuniambia.

Zéphirin


Kabambare, 20 Julai 1952

Mwanangu,

Salamu. Barua hii naiandika kwa siku tatu, kwa hiyo usishangae wino ukibadilika. Mbuzi mmoja wa mapacha ameliwa na chui, au na jirani, mimi sikuwepo. Wasichana wangu sasa wanashona mikono inayolingana.

Babu yako Lukumani alikuwa kama wewe sasa, arobaini na kitu. Lilianza la kulia. Likapata ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele, akatuficha miaka miwili. Tulikuja kujua siku alipomsalimu mbuzi kwa heshima zote akidhani ni mkwe wake. Huyo ndiye aliyetuachia ule mwiko kwamba mtu wa nyumba yetu asichungulie kwa jicho la kushoto, maana kuchungulia kwa kushoto ni kumtakia mwenzako kifo. Ndiyo sababu nilikuzaba lile kofi siku ulipomchungulia jirani yetu Mama Louise kwenye tundu la ukuta. Kwa nini unaniuliza habari za macho? Nimeliona swali lako, usidhani sijaliona. Nakupa nafasi ulijibu mwenyewe.

Kazini, mwanangu, mtu husema anachoweza na asichoweza. Nimefundisha miaka kumi na sita. Msichana anayeniambia "Mama, sijui kuingiza uzi" huyo baada ya wiki anashona. Anayejifanya ameingiza, ndiye anayeniharibia kitambaa. Nenda kwa huyo daktari umwambie lolote lililo chini yako. Hakuna aibu

Hapo nilisinzia, samahani kwa doa la wino. Siku hizi usingizi unanifuata kama mdai. Wiki ile nilisinzia darasani mchana kweupe, na wale wasichana wasio na adabu wakanishonea kitenge changu kwenye kitambaa cha meza. Mama Mkuu wa watawa alipoingia nikasimama kumheshimu, meza nzima ikanifuata, mikasi na vifungo vyote chini. Alicheka na yeye, lakini macho yake hayakucheka.

Siku mbili zilizofuata sikuweza kuinuka kitandani. Nikamtumia habari kwamba nimekwenda kilioni, nimefiwa na ndugu yangu Feza. Feza mwenyewe yuko sokoni anauza chumvi, na ana sauti. Sasa kila Mama Mkuu akienda sokoni namtangulia kwa njia ya nyuma, nimwombe marehemu anyamaze.

Najua unachotaka kusema. Mimi ni mtu mzima, uongo wangu una sababu.

Majirani wananong'ona malale, kwa vile nyuma ya shingo yangu pametoka tezi kama punje za mahindi, na ule ushanga alionipa baba yako haufungi tena. Nikawatolea kitabu. Nikasema, "Angalieni hapa. Hii mukono ni ya Jicho. Safi." Wakaenda zao. Nimekaa na kitabu hicho chini ya mto wangu, na nikisikia kichwa kinauma nakishika, nasema Zéphirin ameona.

Shangazi yako,
Anastasie


Kasongo, 2 Agosti 1952

Shangazi yangu,

Leo sitakuuliza hali. Hali yako naijua.

Barua hii inakuja mkononi mwa Gaston, pamoja na sanduku la dawa. Usiisome sokoni. Kaa chini.

Una malale. Ulikuwa nayo tangu Novemba. Mdudu alikuwemo kwenye kioo namba 214, nami niliangalia kioo hicho nikaandika "safi", kwa sababu jicho langu la kulia lina ukungu ule ule wa Babu Lukumani. Lilianza Agosti ya mwaka jana, hata kabla hatujaja Kabambare. Niliona mwanga, niliona kama mchele unaelea, na mahali nisipoona kitu nikaandika kwamba hakuna kitu. Hilo ndilo lililokuwa chini yangu.

Sikusema kwa sababu huku Kasongo walikuwa wameshaniita Jicho, kisha na ninyi mkaniita hivyo. Mtu anayeitwa Jicho anaanzaje kusema haoni?

Barua yako ilinifikia wiki iliyopita, saa nne asubuhi. Niliposoma kuhusu meza nilicheka. Niliposoma kuhusu shingo, nilisimama. Sikurudi kwenye kiti. Nilikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Daktari na barua mkononi, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia uongo wa likizo, nikamwambia habari yako, nikamwambia habari ya jicho.

Aliweka kalamu chini. Akauliza, "Tangu mwezi gani?" Nikamwambia. Akaita Gaston, akaagiza sanduku langu lifunguliwe, vioo vyote mia sita na vinne virudiwe, na cha kwanza kiwe 214. Gaston aliinama kwenye mikroskopi. Muda wa kumenya ndizi haukupita, akanyanyua kichwa na kuniangalia, na sikuhitaji aseme.

Kisha Daktari akanipima macho kwa mkono na taa. Akasema la kulia limeharibika kweli. Akasema, "Na ile ingine iko muzima kabisa. Sababu gani hauangalie na ile ingine?"

Shangazi, mikroskopi yetu ina tundu moja. Jicho lolote linaweza kuangalia. Miaka kumi na minne nimefumba la kushoto. Jicho la kulia lilipoanza kufa nilijaribu la kushoto mara moja tu, mlango ukiwa umefungwa. Mara nikalisikia lile kofi lako la utotoni, nikaona kama namtakia kifo mwenye ile damu. Nikaacha. Nimesomea dawa, nafundisha wengine kwamba uchawi si ugonjwa, na sikuweza kufumbua jicho langu mwenyewe. Nilimweleza Daktari. Hakucheka. Alisema tu kwamba ningesema Agosti ile, jambo lingechukua dakika kumi.

Katika wale mia sita na wanne wamepatikana watu kumi na mmoja, wewe ukiwemo. Wote ni wa Kabambare na Wamaza. Orodha anayo Gaston. Atawachoma sindano, na atakutoa maji ya mgongo kuona kama mdudu amefika kichwani.

Mimi nimeondolewa kwenye mikroskopi. Naosha vioo na chupa. Mshahara wangu umeshuka daraja, na Sidonie anajua. Ni haki, silalamiki.

Nina ombi, nalo ni zito kwako kuliko kwangu. Watu hao kumi watamwambia Gaston kwamba Jicho alisema wako safi, na watakataa sindano. Hawatamsikia kijana. Watakusikia wewe. Waambie kwamba nilikosea, na waambie kwa nini. Usinifunike.

Nisamehe, Shangazi. Najua nimeandika neno dogo kwa jambo kubwa.

Zéphirin


Kabambare, 16 Novemba 1952

Zéphirin, mwanangu,

Mimi ni mzima! Naanza na hilo, salamu zitafuata. Nimemaliza sindano zote, mikono yangu imetobolewa kama chujio, lakini sasa nakaa darasani tangu asubuhi hadi mchana macho wazi, na msichana anayesogea karibu na kitenge changu akiwa na sindano ananijua. Maji ya mgongo yalikuwa safi. Mdudu alikuwa bado mlangoni, hajaingia kichwani. Msalimu Sidonie, na yule wa nne, na bata wao.

Sasa hasira yangu, maana sitaki uidhani imekwisha bure. Barua yako niliisoma nimekaa chini kama ulivyosema. Nikakitoa kitabu chini ya mto nikakitupa ukutani. Nikasema mtoto niliyemwogesha ameniacha nife kwa sababu ya jina la utani. Siku mbili sikutaka hata jina lako litajwe. Gaston alikuwa akinichoma sindano huku, maskini, akiangalia pembeni.

Siku ya tatu nikakumbuka kwamba ni mimi niliyekuwa nikilipigia tarumbeta jina hilo sokoni, na kupunguziwa bei ya samaki. Na kofi lilikuwa la mkono huu. Basi nikavaa.

Ilikuwa siku ya soko. Nilipanda juu ya sanduku la chumvi la Feza, yule marehemu wangu, naye alinishika miguu nisianguke kwa udhaifu. Nikasema, "Munanijua. Mimi njo niko Mama wa Jicho. Jicho alikuwa mugonjwa wa macho, akaficha, sababu ya haya. Alikosea damu za watu kumi na moja. Mwenye kukosewa wa kwanza ni mimi." Nikavua kilemba, nikageuka, nikawaonyesha shingo. Kisha nikasoma majina. Mtu mmoja akatukana ukoo wetu, nikamwambia endelea, mimi nasubiri, ukimaliza nitaendelea na orodha. Alikuwa namba saba.

Tisa walikuja kwa Gaston siku ile ile, huyo namba saba akiwa wa kwanza. Na mimi ndiyo kumi. Alibaki Bulaimu wa Wamaza.

Nilimfuata mwenyewe, siku mbili kwa miguu, nikipumzika kila penye kivuli. Nikamkuta amekaa mbele ya nyumba, amevimba uso, mkewe ndiye anayemlisha. Akaniambia, "Jicho alisema niko muzima. Leo anasema niko mugonjwa. Jicho iko na midomo mbili?" Nikamwambia, "Sasa iko na moja. Zamani haikukuwa na hata moja." Nikakunja mkono wa gauni, nikamwonyesha matundu ya sindano. Aliyaangalia, akayahesabu kwa kidole, akauliza kama inauma. Nikasema inauma sana. Nadhani hapo ndipo aliponiamini, maana wote walikuwa wamemwambia haiumi. Shemeji yake alimpakia kwenye baiskeli yeye, na mimi nikarudi kwa baiskeli ya pili, nimekaa nyuma kama bibi harusi. Mdudu wake ameshaingia kichwani kidogo, sindano zake ni nyingine na ni nyingi. Lakini juzi alinitambua, akaniita kwa jina.

Kwa hiyo wamekamilika. Kumi na mmoja, Zéphirin! Hakuna aliyekufa.

Sasa kuhusu Mama Mkuu. Sikuweza kusema ukweli wa soko zima na kubaki na uongo wa Feza mfukoni. Nilimwendea, nikamwambia Feza hajafa, nilikuwa mgonjwa na niliona aibu. Alivua miwani, akaifuta. Akasema, "Anastasie, ungeniambia unaumwa ningekupa wiki tatu. Kwa uongo wako ulipata siku mbili." Akanipa wiki tatu pale pale. Nililala, nikaamka, nikala, nikalala usingizi wangu mwenyewe, si ule wa mdudu. Mtu anaweza kutambua tofauti.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo kubwa. Mwiko wa jicho la kushoto mimi ndiye niliyekubandika, na kwetu shangazi anaweza kufungua alichokifunga. Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwenye kaburi la baba yako. Nikachukua maji kinywani, nikayapuliza upande wa Kasongo. Nikasema: Zéphirin, mtoto wa Jean-Baptiste, mjukuu wa Lukumani, angalia kwa kushoto. Usimtakie mtu kifo, mtafutie uzima. Kofi langu nalirudisha. Padri hakuulizwa.

Fumbua, mwanangu.

Anastasie


Kasongo, 10 Mei 1953

Mama Shangazi wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Yule wa nne amekusalimu. Alisimama katikati ya ukumbi, akasema kwa sauti, "Salamu kwa Shangazi wa meza." Sidonie amekuwa akiwasimulia ile habari ya wasichana wako, na sasa huwezi kuitoa tena katika nyumba hii. Sidonie mwenyewe ananiongelesha tangu Pasaka ya mwaka huu, tena kwa wingi.

Barua yako ya Novemba niliisoma nikiwa nimesimama kwenye beseni la kuoshea vioo. Nilipofika kwenye kofi, niliweka barua chini, nikalia kidogo, nikaosha uso kwa maji ya chupa. Nikaenda kwa Daktari nikamwomba, baada ya kazi, nitumie ile mikroskopi ya zamani kufundisha jicho la kushoto. Akakubali.

Si rahisi kama nilivyodhani. Jicho hilo lilikuwa kama mtu aliyekaa nyuma ya nyumba miaka mingi: anaona kila kitu, hajui jina la chochote. Wiki ya kwanza niliona kope zangu tu. Gaston alikaa kando yangu kama mwalimu, yule ambaye mimi ndiye niliyemfundisha, na hakunidharau hata siku moja. Mwezi wa pili nikamwona mdudu wa kwanza, anang'aa kama uzi wa zambarau kati ya chembe za damu. Nilipiga kelele, wagonjwa wakatoka nje kutazama.

Machi Daktari akanijaribu. Aliniwekea vioo hamsini bila majina. Nikachukua siku nzima, sikula. Vitano vilikuwa na mdudu, nikaviona vyote, na kimoja nikamwambia, "Hiki sioni vizuri, sina hakika." Gaston alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Daktari akakichukua hicho kimoja, akakiangalia yeye, akasema rangi yake ilimwagwa vibaya, hakuna ambaye angekisoma. Akasema, "Hiyo njo jibu nilikuwa natafuta." Amenirudisha kwenye kiti changu na daraja langu. Na ameweka sheria mpya katika kikosi chetu: kila kioo kinaangaliwa na watu wawili, na yeyote asiyeona aseme sioni, hataadhibiwa. Gaston anaiita sheria ya Shangazi.

Mimi sasa ndiye ninayewafundisha vijana wanaoanza. Siku ya kwanza nawaambia habari yangu yote, pamoja na namba 214. Wananiangalia kwa mshangao, kisha mmoja hunyoosha mkono na kusema kuna jambo hakulielewa. Kila mara yuko mmoja.

Bulaimu alipita hapa kwa ukaguzi. Anatembea mwenyewe. Bado anasahau mahali alipoweka vitu, lakini aliniita "Jicho", nikamwambia jina hilo nimeliacha. Akasema, "Basi Kushoto." Naona litaenea, usilikuze sokoni tafadhali.

Jana nilijaza karatasi ya likizo. Ni ya kwanza tangu tumzike Baba. Penye "sababu" niliwahi kuwaza kuandika ugonjwa, au kilio, kama wanavyofanya wote hapa. Nikaandika: "Kumsimamishia baba yangu msalaba. Pia nimechoka." Penye siku nikaandika tano. Daktari alisoma, akakata ile tano, akaandika thelathini. Akauliza kama nyumbani kuna anayenihitaji. Nikamwambia ndiyo.

Tunafika na lori la tarehe 2 Juni, wote sita. Utoe msalaba chini ya kitanda, na wageni wako uwaambie wahame, maana kitanda ni chetu. Yule kuku wa Gaston, mwenye paja lile, nataka ndugu yake.

Kioo chako cha miezi sita kimekuja jana pamoja na vingine kutoka Kabambare. Gaston alikiangalia kwanza, akaandika jibu lake, akafunika karatasi nisione. Kisha nikakaa mimi. Nikafumba la kulia, nikafumbua la kushoto, nikapita kioo kizima mstari kwa mstari, nikarudia. Tulipofunua karatasi, majibu yetu yalikuwa sawa.

Damu yako ni safi, Shangazi. Safari hii nimeiona.

Mtoto wako,
Zéphirin